Kumpeleka Karura mbwa asiyetulia: maneno ya mtembeza mbwa

Wenye mbwa karibu wote hunipa agizo moja asubuhi: "Mchoshe, arudi alale." Mimi huitikia "sawa," nikachukua kamba, kisha nikafanya ninachokijua.

Kazi yangu ni kutembeza mbwa wa watu, upande wa Runda, Gigiri na Muthaiga jijini Nairobi, na asubuhi nyingi niko ndani ya Msitu wa Karura kabla jua halijapanda. Neno ninalotaka mwenye mbwa alisikie ni hili: mbwa mwenye nguvu nyingi hachoshwi na mbio. Ukimkimbiza kila siku unamjengea pumzi na misuli. Mwezi ukiisha umejifugia mwanariadha, na saa tisa mchana anachana matakia kwa sababu mbio za jana hazimtoshi leo. Kinachomchosha ni kunusa kwa makini na kujizuia. Robo saa ya kufuata harufu kwenye majani, kisha akapita kima bila kufanya fujo, humlaza kuliko kilomita kadhaa za kukimbia nyuma ya baiskeli.

Nitamtumia Bosco kama mfano kwa sababu ndiye mgumu kuliko wote nilionao. Mama yake ni Jamani Shefadi (German Shepherd), baba hajulikani. Ana miaka miwili, kifua kipana, sikio moja limesimama na jingine limelala, na akiona kamba tu anaanza kuzunguka kama pia.

Kazi inaanzia nyumbani, wiki kadhaa kabla ya msitu. Kwanza kubalianeni juu ya maneno. Kwa kina Bosco baba alisema "njoo," watoto wakasema "kam," askari wa usiku akasema "kuja hapa wewe." Mbwa akawa hana neno hata moja analoliamini. Tuliketi jikoni, tukachagua manne na kuyaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni: njoo, tulia, acha, twende. Wageni nao husomeshwa karatasi hiyo. Na sheria ya "njoo" ni ngumu: usimwite kamwe ili umgombeze, umwogeshe au umfungie. Akija, hata kama amechelewa na umekasirika, apewe kitu kitamu. Neno likishaharibika ni afadhali uchague jingine na uanze upya.

Kitu kitamu chenyewe si lazima kiwe cha dukani. Nunua nusu kilo ya mapafu buchani. Yachemshe bila chumvi, na kitunguu kisikaribie sufuria hiyo kabisa, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Yakipoa, yakate vipande vidogo, ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, uyakaushe kwenye oveni ya moto mdogo mpaka yawe mepesi na makavu. Yanakaa mfukoni bila kuchafua nguo. Omena kavu pia hufanya kazi, na mbwa huipenda zaidi, ila koti lako litanuka ziwa, na kwenye matatu ya kurudi nyumbani watu watakuangalia.

Kamba iwe ya kitambaa kinene, mita moja na nusu au mbili. Kamba ya katani inakata viganja mbwa akivuta ghafla. Mnyororo ni wa kufungia lango. Zile kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio sizipendi: zinamfundisha mbwa kwamba akivuta anapata nafasi, na uzi wake mwembamba umeshakata miguu ya watu. Usiizungushe kamba kwenye kifundo cha mkono. Pitisha dole gumba kwenye kitanzi, ukunje kiganja, na mkono wa pili ushike katikati. Mkanda wa shingo uwe na nafasi ya vidole viwili; ukiwa mlegevu zaidi ya hapo, mbwa akirudi kinyumenyume kichwa kinachomoka, na hapo ndipo mbio za kweli zinapoanza. Kwa mbwa wa aina ya Bosco natumia mkanda wa kifuani wenye pete ya mbele. Akivuta, anajikuta amegeuka kunitazama.

Kutembea bila kuvuta hufundishwa barabarani mwenu, mahali pasipo na jipya. Kamba ikikaza, simama. Usiivute, usiseme neno. Atasubiri, atashangaa, atageuza kichwa. Kamba ikilegea kidogo tu, mwambie "twende," mwendelee. Akikaza tena, simama tena. Siku za kwanza hamtafika hata kona ya pili na majirani watadhani umepoteza kitu. Vumilia, kwa sababu mbwa aliyevuta mara moja akafika alikotaka amelipwa, na malipo hayo hayasahau. Kuitwa kutoka mbali nako kufundishwe uani au kwenye uwanja wa mtaa uliozungushiwa ua, kwa kamba ndefu ya mita kumi inayoburuta chini. Karura si mahali pa somo hilo.

Kwa nini? Kwa sababu Karura mbwa lazima awe kwenye kamba, wakati wote. Najua utakutana na mtu amemwachilia wake, na atakuambia "huyu ni mpole sana." Msitu una zaidi ya hekta elfu moja na ndani yake mna funo, pongo, kima, nungunungu na mbega waliorudishwa baada ya kutoweka. Funo ni mnyama mdogo wa kujificha. Mbwa mpole akimfukuza si lazima amshike ndipo afe. Na wewe ukishampoteza mbwa kwenye kichaka kile, utazunguka mpaka jioni. Isitoshe, watu walimwaga damu kwa ajili ya miti ile. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa na kundi la watu getini alipokwenda kupanda mti, wakati ardhi ya msitu ikigawiwa wajenzi. Wewe kushika kamba kwa saa mbili si mzigo.

Wanaouliza kuhusu Mbuga ya Taifa ya Nairobi: hapana. Mbwa haingii kwenye mbuga yoyote ya taifa Kenya, hata akiwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Bustani nyingine za jiji, soma bango la langoni au muulize askari kabla ya kumshusha mbwa.

Sasa mkoba. Chupa za plastiki za kutupwa ziacheni nyumbani: tangu tarehe 5 Juni 2020 haziruhusiwi kwenye mbuga, fukwe na misitu ya hifadhi, na askari wa geti hukagua. Beba chupa ya chuma na bakuli dogo la bati. Kinyesi kinawasumbua wengi, maana mifuko ya plastiki ya sokoni ilipigwa marufuku Agosti 2017, na wapo wanaojificha nyuma ya sababu hiyo ili wasiokote. Dawa yake iko jikoni: pakiti ya unga ya kilo mbili. Ni karatasi ngumu, haipitishi unyevu upesi, na ina kina. Ipasue mdomo, ikunje mara mbili, uiweke mfuko wa nyuma. Mbwa akimaliza, gubika, kusanya pamoja na majani, kunja mdomo, beba mpaka kwenye pipa. Nina wateja wanaoniwekea pakiti tupu kwenye droo tangu Jumatatu hadi Jumapili. Pesa ya kuingilia hulipwa kwa simu, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji. Kadi ya chanjo ipige picha ikae humo humo.

Muda mzuri ni geti linapofunguliwa, siku ya kazi. Ardhi ni baridi, harufu za usiku bado mbichi, na watu ni wachache. Jumapili mchana mwachie mbwa mzee aliyekwisha kuiona dunia. Chakula kikubwa asipewe kabla ya kutoka. Mbwa wa kifua kirefu kama Shefadi na Boerboel tumbo huweza kujaa hewa na kujisokota, na hilo huua kwa saa chache. Ale saa nzima baada ya kurudi, pumzi ikishatulia.

Matatu hawatamchukua. Pikipiki usijaribu. Ukiwa na gari, mlaze sakafuni nyuma ya kiti na ufunge kamba fupi. Na mkifika usifungue mlango anapolia na kurukaruka. Kaa. Angalia simu yako. Atakaponyamaza na makalio kugusa sakafu, fungua. Akiruka, funga tena. Mbwa akishuka garini kwa vurugu, nusu saa yote inayofuata atakuwa hasikii. Akishuka ametulia, umeshinda nusu ya safari mkiwa bado kwenye maegesho.

Ndani ya msitu dakika za kwanza ni zake. Namwachia urefu wote wa kamba anuse anavyotaka, nasimama akisimama. Nikiona mkia umeshuka kutoka juu mpaka usawa wa mgongo na mdomo umefunguka, najua kichwa kimerudi. Ndipo tunafanya kazi: hatua ishirini karibu na mguu wangu, kisha ruhusa ya kunusa, namketisha njia panda, natupa vipande vitano vya mapafu kwenye majani makavu na kumwambia "tafuta." Mchezo huo wa kutafuta ni wa bei nafuu na unamaliza nguvu kuliko mpira. Mpira wenyewe siupeleki. Mbwa mwenye moto akishaona mpira haoni kingine.

Usimtarajie mbwa asimwone funo. Kazi yako ni kuuona mwili wake unavyobadilika kabla hajachomoka. Kuna siku tulikuwa tunashuka njia ya maporomoko, naye mbele yangu kidogo. Hakubweka. Alisimama mguu mmoja wa mbele ukiwa hewani, sikio lililolala likanyanyuka, na pumzi ikakatika. Kuhema kote kukaacha kusikika. Hatua kumi mbele, kwenye kivuli, funo alikuwa ametutazama na jani mdomoni. Hapo una sekunde moja au mbili, si zaidi. Sikuvuta kamba, maana kamba ikikaza kifuani mbwa husukuma mbele. Nilipiga hatua moja nyuma na kusema "Bosco, twende" kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuitia chai. Misuli ya mapaja ilimtetemeka. Akageuka. Nilimpa mapafu yote yaliyokuwa kiganjani, kimoja kimoja, tukirudi tulikotoka. Ile dakika moja ilimchosha kiasi kwamba alilala kwenye gari tukiwa hatujafika Limuru Road.

Watu ni somo jingine, na kwangu ndilo kubwa. Mkaazi wa Nairobi amemjua mbwa kwa njia mbili: nyuma ya bango la "Mbwa Kali," au makundi ya mbwa koko usiku kwenye lundo la taka. Mtoto wa shule anayekuja Karura kwa basi na wenzake pengine hajawahi kuwa karibu na mbwa asiyetaka kumfukuza. Kwa hiyo yeyote akitokea mbele, mimi ndiye ninayeondoka njiani. Naingia kando hatua tatu nne, namweka mbwa upande wa mbali na watu, mwili wangu katikati, namketisha na kumlisha mpaka wapite. Watakuuliza tu: "Anauma?" Wengi hujibu "haumi," na aliyeuliza hatulii, kwa sababu kila mbwa aliyewahi kumng'ata mtu mwenyewe alisema haumi. Jibu, "Nimemshika, pita tu," uonyeshe na kamba ilivyo mkononi. Utaona mabega yanashuka.

Wanaokimbia na wenye baiskeli hutokea nyuma, na mbwa wa kuchunga mifugo damu yake humwambia afukuze chochote kinachopita kasi. Sikiliza matairi kabla yeye hajasikia, toka njiani mapema.

Kwa Waislamu jambo hili lina uzito wake. Wengi wa kwetu ni wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa yakigusa nguo au mwili ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Mzee wa kanzu akipita kuelekea swala halafu mbwa wako akamlamba mkono "kwa upendo," umemharibia mchana. Simamia mbali, msalimie, mpishe. Mara nyingi ataitikia kwa moyo mkunjufu kabisa, na watoto wake watauliza jina la mbwa wakiwa ng'ambo ya njia, na hapo kila mtu yuko salama.

Mbwa kwa mbwa, acheni kuwakutanisha uso kwa uso kamba zimekaza. Hiyo ni salamu ya ugomvi. Piteni kwa mzunguko mpana, kila mmoja na wake. Akija asiyefungwa, jiweke katikati, sema "rudi" kwa sauti nzito, na tupa kiganja kizima cha mapafu usoni pake. Wakati anaokota, ondokeni.

Sehemu za mandari zipiteni mbali. Wanaokula ni watu wenye kuku, na penye kuku wapo kima. Kima dume ana meno marefu na hakimbii akibanwa. Mifupa ya kuku aliyepikwa iliyotupwa kwenye nyasi nayo hupasuka na kuwa vijiti vinavyotoboa utumbo. "Acha" lina kazi yake hapa kuliko popote.

Maji ya mitoni asinywe, hata yakionekana maangavu. Mito ile inapita mitaani kabla ya kuingia msituni, inabeba maji taka, na mkojo wa panya una ugonjwa unaoua figo za mbwa na kumwambukiza binadamu. Mnyweshe yako kidogo kidogo. Mbwa hutoa joto kwa kuhema. Ukiona ulimi umepanuka ncha, mate mazito, miguu inayumba, mpeleke kivulini, mloweshe tumbo na mapaja, mpepee, piga simu kwa daktari. Lami ya maegesho ipime kwa nyuma ya kiganja: ikikushinda kwa sekunde tano, nyayo zake pia zitashindwa.

Mvua ndefu ya Machi hadi Mei huleta siafu. Wanavuka njia kwa mstari mweusi, na mbwa mwenye pua chini atawakanyaga. Akianza kurukaruka na kujing'ata miguu, toka haraka mahali hapo kwanza, ndipo umtoe mmoja mmoja katikati ya vidole. Usimmwagie maji ukidhani watatoka. Kichwa cha siafu hubaki kimeng'ata hata mwili ukikatika. Bafe naye hupenda kuota jua katikati ya njia asubuhi za baridi na haondoki ukimkaribia. Ndiyo sababu nyingine ya kutomwachia mbwa atangulie mbali.

Mbwa wako akimng'ata mtu, au akakwaruza kwa jino tu, usianze mabishano. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kamili, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana chanjo. Mpe namba yako na umwonyeshe picha ya kadi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Chanjo ni kila mwaka, na karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya ugonjwa huo, kaunti nyingi huchanja bure. Mbwa asiyechanjwa simtembezi, hata mwenyewe anilipe mara mbili.

Mkirudi, kabla hajaingia ndani, mkague kupe. Anza ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu, chini ya mkia na chini ya mkanda wa shingo, mahali watu wanaposahau. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Mafuta ya taa hayasaidii. Kupe akichokozwa hutapika humo humo kwenye damu. Siku zinazofuata angalia fizi na mkojo. Fizi zikipauka, mkojo ukawa wa kahawia, pua ikatoka damu, au mbwa ambaye hukushika mkono kwa ajili ya mapafu akayanusa na kuyaacha, usikisie dawa kwenye duka la mifugo. Mpeleke akapimwe damu siku hiyo hiyo, na umwambie daktari alikuwa msituni.